Kiti cha Nyuma

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila mikono imejaa grisi hata sabuni imenikatia tamaa.

Ile pikipiki ya marehemu baba uliyonikabidhi nimeanza kuitengeneza hapa gereji. Ndani ya kabureta nyigu wamejenga mji. Fundi mkuu kacheka, kasema niwape kwanza notisi ya kuhama. Usiwe na wasiwasi, itawaka.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio.

Umenifurahisha mno. Ikiwaka, njoo unichukue. Nataka unipeleke kaburini kwa baba yako kwa pikipiki yake mwenyewe, nikae pale pale nilipokaa siku zote, kwa upande, mkono mmoja kiunoni mwako. Kitambaa cha kichwa nimeshakipiga pasi. Jirani ananicheka, nami namwacha acheke.

Mama yako


9 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya, nilitaka nikushtukize. Tazama picha iliyomo kwenye bahasha!

Mtindo huu wanauita kafe resa, pikipiki ya mbio ya mtu mmoja. Usukani umeshuka chini, madigadi nimeyatoa, tangi nimeling'arisha mpaka unajiona. Nyuma nimeikata fremu kwa grainda, nikaweka kiti cha mtu mmoja chenye nundu. Unakumbuka picha ya pikipiki kama hii aliyoibandika baba nyuma ya mlango wa kabati? Kila mara alikuwa akisema, "Mwaka huu nakata." Basi, imekatwa. Ilipowaka nililia mbele ya watu.

Kaburini nitakukodishia gari.

Mwanao


20 Mei

Picha nimeipata. Mimi nikae wapi?

Mama


11 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako haikuniuliza hata hali. Umekasirika? Nilidhani natimiza ndoto ya baba, kumbe nimekosea pasipo kujua. Lakini ni chuma tu, mama. Niambie kosa langu.

Mwanao


28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, usinihurumie.

Baba yako alisema "mwaka huu nakata" tangu tulipooana. Kila mwaka alitoa msumeno, akapima fremu, akachora alama kwa chaki. Halafu ananitazama, anafuta chaki kwa kiganja, anarudisha msumeno. Wewe ulisikia maneno. Mimi niliona msumeno ukirudi. Yule mtu hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda, mdomo wake ulikuwa mzito kama mlango wa ghala. Kile kiti ndicho kilichoniambia, mwaka hadi mwaka, mpaka akafa.

Najua umekata kwa mapenzi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana sina hata wa kumgombeza.

Fremu usiiunge, isije ikakuua. Niletee kile kiti cha zamani tu. Nitakiweka jikoni, nikikalie nikichambua mboga.

Mama yako


3 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliogopa.

Kiti nilikitupa siku ile ile niliyokata fremu, kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sikukitazama mara mbili. Tangu nipate barua yako, kila nikitoka kazini napitia yadi yake. Viti vya pikipiki vipo, rundo zima, lakini vyote vimechunwa ngozi, imebaki sponji na bati. Naona aibu, mama. Nimefungua na kufunga kila nati ya ile pikipiki, na kiti chako sikijui.

Vitatu vimebonyea upande mmoja, kama vya mtu anayekaa kwa upande. Nimevikalia vyote mpaka mwenye yadi akaniuliza kama nina akili timamu. Havikuniambia kitu. Mimi nilikuwa napandishwa mbele, juu ya tangi, sikuwahi kukaa mahali pako.

Ameniahidi kwamba hatavigusa. Jumamosi nakuja na basi kukuchukua. Njoo uvikalie, kimoja baada ya kingine. Kama hakimo, uniambie hivyo hivyo, usinifiche.

Mwanao