Diski Tatu za Suna

Suna, Migori
3 Machi 2025

Shangazi mpenzi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, masikio je? Kwa kuwa yamekataa simu, karatasi ndiyo sauti yangu.

Nimepewa kazi kubwa! Seva tatu ofisini zinashika rekodi za wagonjwa wa kliniki zetu kumi na moja, hadi ya Kosele unakotibiwa. Kila neno huandikwa kwenye zote tatu, na nesi husubiri ile inayochelewa. Ilibidi nichague diski: za bei kali, zilizotengenezewa kazi hii, au za kawaida zenye kasi ya ajabu iliyoandikwa kwenye boksi. Nikachukua za kasi, nikatia saini. Manesi wananisifu.

Mwanao,
Hadiya

Oyugis
12 Machi

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Saumu inakwenda, leso zinauzika, kidonda cha mguu ndicho kichwa kigumu.

Jana nesi Filister wa Kosele alinipigia kelele kama mnadi wa mitumba: dawa gani inakudhuru? Nikamwambia penisilini, hunivimbisha koo. Akaandika, mashine ikajibu imehifadhi, papo hapo stima ikapotea, wanasema mpaka kwenu Migori. Nikaitambia foleni nzima kwamba mashine hiyo anailinda mtoto wangu.

Idd uje.

Shangazi yako,
Mwanamvita

Suna
26 Machi

Shangazi,

Wahali gani, na mguu? Idd sitakuja.

Stima ya juzi ile imenifunga. Diski nilizochagua hujibu "nimeandika" kabla hazijaandika. Ndiyo siri ya kasi yake. Stima ikikatika, neno lililokuwa njiani limekwenda. Zile za bei kali zina akiba ndogo ya umeme ndani, ya kumalizia kuandika. Betri ya chumba cha seva ilikuwa imekufa, zangu zikazimika zote tatu kwa pamoja.

Mkubwa wangu Oliver anasema, "Saini ni yako. Nyamaza mpaka bajeti ya Julai." Basi niko chumba kisicho na dirisha, nalinganisha madaftari ya kliniki na mashine, jina kwa jina. Kuondoka siwezi, kusema siwezi. Naona aibu.

Kwa jina lako usiwe na hofu. Nimeliangalia, liko sawa.

Mwanao,
Hadiya

Oyugis
10 Aprili

Mwanangu,

Alhamdulillahi, ni mzima. Mwandiko usikutishe, vidole vimevimba.

Jumatatu nilikwenda Kosele. Filister hakuwepo. Nesi mgeni akatazama mashine, akaniandikia kwenye karatasi: "Mama, hapa inaonyesha hauna dawa inakudhuru. Ni hivyo?" Barua yako ilikuwa mkobani. Nikamwambia, mtoto wangu ameangalia mwenyewe, wewe choma tu. Hata jina la sindano sikuuliza. Koo likaziba nikiwa bado kitini, wakahangaika nami mpaka adhuhuri.

Kuna mtu amekosea mahali. Mtafute, lisije likampata mwingine. Si wewe, najua.

Shangazi yako,
Mwanamvita

Suna
14 Aprili

Shangazi,

Pole, pole sana. Ni mimi.

Jina lako sikuwa nimeliangalia. Daftari la Kosele lilikuwa bado chini ya mengine. Nilikuandikia liko sawa ili usihangaike, nikijua nitaliangalia kesho yake, na kesho yake zikapita siku kumi na mbili.

Leo nimeziandikia kliniki zote kumi na moja: msiiamini mashine, waulizeni wagonjwa upya. Nimetia saini ileile. Oliver amechukua funguo zangu za ofisi, na anasema nitaitwa kujibu. Nitajibu.

Barua hii namtuma nayo Suleman anayekuletea leso, nami nafuata nyuma yake. Mlango sitagonga, maana hutasikia. Nitakaa kwenye baraza ya duka lako mpaka utakapotaka kufungua.

Mwanao,
Hadiya