Luqman Amekamatwa kwa Ukanda wa Kamera

Kadzo wee! Yaliyomkuta kaka yangu Luqman sasa hivi sokoni Kombani, bado siyaamini.

Si wajua anavyoogopa kuwapiga picha watu asiowajua? Leo kajitia ushujaa. Kajificha nyuma ya magunia ya nazi, kampiga picha mama muuza samaki kwa siri.

Mama kamwona! Kaukamata ukanda wa kamera, na ukanda uko shingoni. Shingoni, Kadzo! Akijivuta, anakabwa. Watu wamemzunguka, hana pa kupita.

Mama anafoka: "Kwa idhini ya nani? Mwaka jana mmoja alinipiga picha hivi hivi, akanitia mtandaoni, watu wakayacheka meno yangu!"

Luqman jasho linamtiririka. "Nisamehe, mama. Niliogopa kukuomba."

"Waniogopa mimi, na sura yangu waitaka?"

Luqman akaifuta picha mbele yake. Ukanda mama hakuuachia. "Sasa niombe."

Luqman akasema: "Shikamoo mama. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Sitaki."

Ndipo akamwachia!

Nikadhani tutakimbilia nyumbani. Wallahi, Luqman kamgeukia muuza ndimu wa pembeni: "Shikamoo mama, naomba nikupige picha."

Yule akacheka. "Ngoja nijifunge mtandio vizuri."