Nimesema Piroska Ni Mzuri

Pietrafosca, 4 Septemba 1996

Vitina mwanangu,

Hamjambo huko ugenini? Na tumbo la mumeo Rocco? Mimi mzima, mguu tu unauma kama mvua inakuja, na mvua yenyewe haiji. Mimi nasema, Assunta wa duka la tumbaku anaandika. Ukikuta neno la kijinga, hilo ni lake. Kasema hataliandika hilo. Kaliandika.

Siku kumi kimya. Nikamwuliza Assunta, faksi inachelewa njiani? Kasema faksi haichelewi, watu ndio wanachelewa. Basi mimi nimeanika nyanya, jirani wa chini akapita, akasema nyanya nzuri hizo. Kesho yake zimeota ukungu. Ndivyo alivyo yule, jicho lake likisifu kitu kinaharibika. Ndio maana yule binti wa ustawi wa jamii alipokuja kukagua nyumba na ile picha ya mtoto mliyekwenda kumchukua huko awe wenu, mi nilifanya kama mama yangu alivyonifunza. Nikasema, mbaya huyu, mkavu kama kijiti, nani atamtaka. Nikatema mate mara tatu. Na kitanda chake nilishakipeleka ghalani, maana kitanda kitupu ndani ya nyumba kinaita msiba. Binti wa watu akaandika, akaandika, kalamu haipumui. Nikasema moyoni, msichana ana bidii huyu.

Anakula mtoto? Mmepewa siku ya kurudi naye?

Mama yako

*

Szeged, 9 Septemba

Mama, shikamoo.

Sisi wazima, na Piroska anakula. Lakini tumekwama. Afisa wa watoto wa hapa anayo ripoti ya yule binti, imetafsiriwa yote. Imeandikwa kwamba bibi anayekaa na sisi kamwita mtoto mbaya, kasema hakuna atakayemtaka, kaitemea mate picha yake, kaondoa na kitanda. Afisa kasema hampeleki mtoto wa miaka sita kwenye nyumba asikotakiwa. Nikamweleza habari ya jicho baya. Mkalimani akatafsiri, afisa akauliza kama umepelekwa kwa daktari wa macho.

Anataka barua yako wewe mwenyewe, useme unamwonaje huyu mtoto. Kwa maneno ya wazi, mama. Kikao ni tarehe 20. Bila hiyo tunarudi wawili.

Mwanao

*

Pietrafosca, 12 Septemba

Vitina,

Salamu utazipata siku nyingine. 

Unajua unaniomba nini? Kaka yako Canio alikuwa na miezi tisa. Siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu, mwanamke wa mtaa wa juu akamfunua shali, akasema malaika huyu, mashavu kama mapichi. Jumapili tukamzika. Daktari alisema homa ya uti wa mgongo. Daktari na aseme. Mimi toka siku hiyo sijamsifu mtoto, hata wewe. Ulipovaa gauni la harusi nikakwambia unafanana na gunia la unga, ukalia mpaka kanisani. Basi sasa unajua.

Assunta kaniambia, "Sema tu, Incoronata, naandika mimi, jicho litanipata mimi." Nikamwambia jicho litakuonea wivu gani, hizo sharubu? Ananuna, lakini anaandika.

Haya. Mama afisa, isome hii.

Piroska ni mzuri. Masikio yake yamechomoza, mazuri. Soksi yake moja imeshuka, na mguu ule mzuri. Goti lina kidonda, nikakaa siku nzima najiuliza nani alimfuta damu. Nilimtaka kabla sijamwona. Niliyosema kwa yule binti niliyasema ili kifo kisimsikie. Kitanda nimekirudisha chumbani kwa mikono yangu, mguu huu huu mbovu, na shuka nimetandika.

Mungu anisamehe, nimeshasema. 

Mama yako

*

Szeged, 16 Septemba

Mama, shikamoo.

Afisa kaisoma barua yako, kavua miwani, kasema kwa upande wa bibi hana swali tena. Lakini mtoto naye anaulizwa, ndiyo taratibu yao. Kwa hiyo mkalimani akamsomea Piroska barua yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Huyo bibi atakufa lini?"

Kumbe alilelewa na bibi yake, bibi huyo akafariki mwezi wa pili, na siku ya maziko ndiyo siku aliyopelekwa kituo cha watoto. Nikamwambia, bado sana. Akaniangalia kama unavyomwangalia muuza samaki wa jana, akaingia chini ya meza. Toka hapo hasemi ndiyo wala hapana. Nimjibu nini?

Mwanao

*

Pietrafosca, 17 Septemba

Vitina,

Assunta alivyolisoma swali akaangusha kalamu, akanyoosha vidole viwili kujikinga. Nikamwambia okota, mtoto anangoja.

Msomee neno kwa neno.

Piroska, sijui. Nina miaka sabini na saba. Mama yangu alikufa na tisini na moja, baba hamsini tu. Moyo wangu mzima, mguu mbovu. Labda miaka kumi, labda kabla ya Krismasi. Mtu akikwambia anajua, anakudanganya. Ila siku nikifa, hutaondoka nyumbani. Utabaki na mama yako na baba yako, na kitanda ni chako. Mpaka siku hiyo niko jikoni, na ninapiga kelele, hilo nalo nisikufiche.

Vitina, usimpunguzie hata neno.

Bibi

*

Szeged, 20 Septemba

Mama, shikamoo.

Nilimsomea yote, mkalimani akitafsiri.  Leo kwenye kikao afisa akamwuliza anataka nini. Akamgeukia mkalimani, akasema polepole, kama mtu anayetoa maagizo. Mkalimani akatafsiri:

"Basi twende upesi."

Mwanao