Sina Taifodi

Homa Bay
Jumapili, 9 Februari 2025

Mama,

Salamu nyingi zikufikie hapo Osiri, wewe na Baba na watoto. Miguu yako imepungua kuvimba? Shuleni tulifundishwa kuandika "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Leo siandiki hivyo kwa sababu nitakuwa nimekudanganya. Naendelea vizuri kuliko mwezi uliopita, lakini mzima bado.

Laini ya simu nimeitoa mpaka mitihani iishe, na nimeitoa makusudi. Baba ananipigia, baba mdogo Cephas ananipigia kutoka kisiwani Takawiri, wote wanaimba wimbo mmoja: funganya, urudi. Sirudi. Ndiyo maana nimempa Benard, yule muuza dagaa wa omena, barua hii, maana Jumatatu na Alhamisi lazima anywe chai hotelini kwako. Nakuandikia wewe kwa sababu tangu uolewe kwetu nikiwa darasa la tatu, hujawahi kunichapa kabla ya kunisikiliza. Basi nisikilize.

Kuanzia Oktoba usingizi ulinitoka. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tatu, mara nne, hakuna kinachoingia. Nikafeli somo la takwimu, na baada ya hapo nikaanza kuogopa hata mlango wa darasa. Nikifika tu, moyo unadunda, jasho linanitoka, nageuka narudi hosteli. Nikaacha kula. Januari nikamwambia Sheila, huyu ninayeishi naye chumba kimoja, kwamba nimechoka kuishi. Sikuwa natania, Mama. Sheila hakunihubiria. Alivaa viatu, akanishika mkono, akanipeleka kwa Bi. Metrine, mshauri wa wanafunzi hapa chuoni. Bi. Metrine naye akanifikisha hospitali. Daktari anasema ni depresheni, ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na una dawa. Dawa nameza kila jioni, na Jumatano naenda kwa kaunseling kwa Bi. Metrine. Wiki iliyopita nilikaa darasani mpaka mwisho.

Baba amesikia na anasema hizo ni dawa za wazimu. Baba mdogo Cephas anasema ni chira, ati kuna mila ilivunjwa nyumbani na mkosi umeniangukia mimi, nipelekwe kisiwani wazee waangalie. Waambie siendi kisiwani na siachi dawa. Digrii hii nitaimaliza hapa hapa, hata wenzangu wakimaliza waniache.

Mwanao,
Irine


Osiri
Jumatano, 12 Februari 2025

Mwanangu Irine,

Hujambo mama? Sisi tuko, Mungu anatusaidia. Miguu bado ni ile ile, ikifika jioni viatu vinakataa. Mdogo wako Momanyi ameng'oka jino, sasa anataka kila mteja alione.

Barua yako nimeisoma nikaisoma tena, mpaka maharagwe yakaungua na wachimbaji wa dhahabu wanaokula kwangu wakanitukana. Sasa nikuulize, na usikasirike. Hiyo kaunseling naijua. Wakati wetu shuleni msichana akiitwa ofisi ya gaidansi na kaunseling, muhula haukuisha kabla hatujaona tumbo. Niambie mimi kabla mwingine hajajua. Una mimba? Kama ni hiyo, tutalea. Kwetu haitakuwa ya kwanza.

Kama si hiyo, basi pole, mwanangu. Huo ugonjwa wa mawazo siuelewi vizuri. Mawazo hapa tunayo sote, lakini naona yako yamepita kipimo. Kula. Nimekufungia viazi vitamu na njugu.

Kuna jambo lingine na ni heri ulisikie kwangu. Babako alimwambia mzee wa kanisa, Mogire, kwamba una taifodi, na Sabato iliyopita jina lako limesomwa kwa maombi ya wagonjwa. Mimi sikupinga. Taifodi ina heshima, mwanangu. Mtu anaugua, anapona, anarudi kwa watu na hakuna anayemkumbuka. Hiyo nyingine ikishatajwa haifutiki. Kesho ukitafuta kazi watasema, si ni yule? Ukipata mchumba, mama yake ataulizia. Watu wana midomo, na mimi naijua midomo ya hapa kwa sababu nailisha kila siku. Shikilia hiyo taifodi mpaka upone, basi.

Mama yako,
Nyaboke


Homa Bay
Jumapili, 16 Februari 2025

Mama,

Hujambo. Viazi nimepata, asante.

Sina mimba. Sina taifodi pia. Kanisa zima limepiga magoti kumwomba Mungu aniondolee ugonjwa ambao sina. Haki ya nani, mlitaka ajibu nini?

Wewe ndiye uliyenifundisha nisiseme uongo hata wa kuokoa sahani iliyovunjika. Sasa uongo wa taifodi ni wa kuokoa nani? Si mimi. Mimi nilikaa miezi mitatu nikiwaambia watu "niko sawa, ni kichwa tu, ni malaria kidogo," na huko kuficha ndiko kulikonifikisha mahali pa kutotaka kuamka. Nilipotaja ukweli kwa mtu mmoja, nikaanza kupona. Mtu mmoja tu, Mama! Na ninyi mnataka nirudi kujificha tena kwa sababu ya mama wa mchumba ambaye hata hajazaliwa.

Siwezi kupigana na huu ugonjwa na bado nipigane na ninyi. Nguvu zangu ni kidogo na nimeamua nitazitumia wapi. Mpaka mtakapoufuta huo uongo mbele ya wale wale mliowadanganya, mimi sina barua nyingine ya kuandika.

Irine


Osiri
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima.

Benard anasema kila akija unachukua viazi na unakataa kuandika. Sawa. Bora unachukua viazi. Leo nimeongeza parachichi.

Mama yako,
Nyaboke


Homa Bay
Jumapili, 16 Machi 2025

Mama,

Natumai hamjambo. Niliapa sitaandika, lakini ya leo ni lazima uyasikie kutoka kwangu kabla hayajafika huko yakiwa yamevaa nguo nyingine.

Akina mama wa Dorkasi, kile chama cha kanisani cha kutembelea wagonjwa, wamekuja kunitembelea. Wote wamevalia sare, wana chupa za uji, kiongozi wao Nyasuguta akiwa mbele kama kawaida yake. Wameingia hospitalini wakiimba. Wakapita wadi za wanawake kitanda kwa kitanda wakiuliza Irine wa taifodi. Muuguzi akawaambia hakuna mtu kama huyo. Mama, walianza kulia! Walidhani niko mochari. Mmoja alishakaa chini na kutoa viatu, tayari kwa matanga. Muuguzi ndiye aliyewaambia, kama ni mwanafunzi, hebu jaribuni chuoni kwanza.

Mimi natoka zangu maktaba, vitabu kwapani, natafuna mandazi, nawakuta getini kwa hosteli. Nyasuguta akaniangalia usoni, kisha akashusha macho tumboni, na wote wakamfuata. Akaniuliza, "Kwani taifodi imeenda wapi, mwanangu?"

Nikawaambia. Nikasema sina taifodi na sijawahi kuwa nayo. Nikasema nina depresheni, natumia dawa, naonana na mshauri, na hapa natoka kusoma takwimu. Mmoja akaomba dua ya haraka haraka macho yakiwa wazi, wakaondoka. Uji wakausahau. Sheila na mimi tumeunywa wote.

Sasa jiandaeni. Siombi msamaha.

Na Baba amemtuma Benard aniambie kwamba Jumapili ijayo anakuja na pikapu kubeba vitu vyangu, nitake nisitake. Mama, nakwambia ukweli ambao sijamwambia mwingine: hilo linanitisha kuliko mtihani. Akinitoa hapa, pale nyumbani hakuna Bi. Metrine, hakuna kliniki ya karibu, kuna chumba cha nyuma na watu wa kunong'ona mlangoni. Sijui kama nitatoka kwenye hicho chumba. Lakini mwambie aje. Atanikuta maktaba, na itabidi anibebe na kiti.

Irine


Osiri
Jumatatu, 24 Machi 2025

Irine, mwanangu mwenyewe,

Hujambo mama? Unalala? Unakula? Leo nauliza kwa sababu nataka kujua kweli.

Ulichosema kimetokea. Kufikia Jumanne ulikuwa na mimba. Kufikia Alhamisi ulikuwa umeitoa. Nimesikia nikigeuza chapati, kutoka kwa mtu aliyekuwa anasubiri hiyo chapati, hajui kuwa ni mimi niliyekulea. Nilimnyima. Nikaketi kwa gunia la makaa nikajiambia, Nyaboke, taifodi yako hiyo imezaa.

Sabato mzee Mogire akasoma majina ya wagonjwa. Alipofika kwa lako akakohoa na kutaka kuliruka. Nikasimama. Babako akanivuta nguo, nikasimama zaidi. Nikasema, "Huyo mtoto hana taifodi. Tuliwadanganya, mimi na mume wangu, na hapa madhabahuni tukamdanganya Mungu. Ana depresheni. Alifika mahali pa kuchoka kuishi, akasema, akapata msaada, na sasa anameza dawa na kusoma. Mimba hana. Anayetaka kuchunguza tumbo, langu hili hapa, limeshabeba watatu."

Nyuma mtu akasema, si kwa sauti ndogo, "Na huyu hata si mama yake." Wacha nichemke! Nikamgeukia. Nikasema, "Aliyemzaa ni Teresa, na tulimzika kwa heshima zote. Sasa akilia usiku, niambieni ni nani ataamka. Ninyi hapa ni watu wa shimo. Mtu akitikisa kamba kutoka chini, mnamwuliza kwanza kama ni chira ama ni mimba? Mnamvuta! Akifika juu ndio mnauliza. Huyu ametikisa kamba, na sisi tumekaa juu tukitafuta jina zuri la kuwaambia majirani."

Nikakaa. Babako akachukua kofia yake akatoka, na hakuna aliyesema amina.

Lakini jioni Monari alikuja hotelini, unamjua, yule shemasi mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Akaagiza chai, hakuinywa. Akangoja watu waishe, akaniuliza jina la huyo Bi. Metrine, na kama anaweza kuongea na kijana wa chuo kingine. Mtoto wake ameacha kushika simu tangu Krismasi, na wao wamekuwa wakisema ana ulsa ya tumbo. Nimempa jina. Mwambie Bi. Metrine asikatae.

Sasa babako. Jana asubuhi akaoga, akavaa koti, akasimama barabarani kungoja pikapu. Mimi nilishafunga kanga kiunoni, nilikuwa nipande hiyo pikapu pamoja naye na tukupiganie huko mbele ya wenzako, aibu iwe aibu. Pikapu ikaja, ikasimama, dereva akapiga honi. Babako hakupanda. Alimwambia kitu dereva na ile pikapu ikageuka. Akarudi, akatundika koti, akakaa mlangoni mpaka giza likaingia. Nilimpelekea chakula hakugusa, na mimi sikumbembeleza.

Kisha akaniita. Nikajua ni vita, nikaenda nikiwa tayari. Akaniuliza, bila kuniangalia, "Hizo dawa zake, anameza na chakula ama kabla ya chakula?"

Nimekulea miaka yote hii, na hilo silijui. Sijawahi kukuuliza. Nijibu haraka, anangoja.

Mama yako,
Nyaboke


Homa Bay
Jumatano, 26 Machi 2025

Mama yangu,

Hujambo, na Baba hajambo? Barua yako nimeisoma nimesimama getini, Benard akanishikia vitabu nilipokuwa nalia. Bi. Metrine anasema kijana wa Monari aje hata kesho.

Ni na chakula. Baada ya ugali, si kabla. Mwambie hivyo. Na mwambie bado sirudi, asilete pikapu. Aje Jumapili kwa miguu yake, tule pamoja hapa, nimeze akiniona.

Mwanao,
Irine