Miti Sita Nyuma ya Nyumba

Baba,

Ninakuandikia kutoka Beni, kwa nyumba ya mama mudogo Kavira. Usishangae. Wewe tulikuacha Butembo, na sisi tulitoka bila kupita kukuaga kwa kaburi, na hiyo inanisumbua roho kila siku. Ninaandika mu daftari ya shule ya mutoto wake. Mama amelala upande wa ukuta, na kila mara akigeuka ninaacha kalamu ninamuangalia. Donc basi, kama maneno yanakatika katikati, ni juu ya ile.

Nianze na kitu kigumu, juu nikikiacha kwa mwisho nitakikimbia. Baba, bangi yako haiko tena. Miti yote. Niliing'oa miye mwenyewe, na mikono yangu hii uliyoifundisha.

Unakumbuka vile ilianza. Munganga alisema ugonjwa wa mama uko mu mifupa ya mugongo, hakuna kitu cha kupasua. Akaandika vidonge. Kisha vita ikaja, vidonge vikaisha kwa hospitali, vikaisha na kwa soko. Ndipo wewe, muzee wa kanisa, mutu ambaye hakuvutaka hata tumbako, ulikwenda mpaka Kasugho, ukarudi na mbegu umezifunga mu kona ya kitambaa chako cha jasho. Mama alicheka mpaka mugongo ukamuuma. Alisema, "Muzee wa kanisa na bangi!" Na wewe ukamujibu bila kucheka, "Si ya kuvuta. Ni ya kukunywa, kidogo, wakati maumivu inakushinda."

Jumapili iliyofuata uliacha kupokea Meza ya Bwana. Hakuna mutu aliyekukataza. Pasta alikuja nyumbani kuuliza, nilikuwa ninapika maharagi, nilisikia vile ulimuambia: "Pasta, siwezi kusema uongo mbele ya ile meza, na siwezi kuacha bibi yangu analia. Nitakaa kwa benchi ya nyuma." Ukakaa pale karibu na mulango myaka tatu, wewe ambaye kiti chako kilikuwa mbele.

Miti sita. Si saba. Kati ya maharagi na ukuta. Miaka yote ile uliyofanya kazi ya kuchagua kahawa kwa usine, ile kiwanda, mbele basoda ba jeshi hawajaipora, ilikuwa imebaki mu vidole vyako. Kila asubuhi ulipindua majani moja moja, ukaondoa vidudu kwa mukono. Muti wenye kuonekana zaifu uliutoa bila huruma. Ulikausha polepole chini ya paa, kwenye kivuli, mbali na moshi wa jikoni, na ukaonja wewe wa kwanza, ukakaa kwa kiti saa nzima unajisikiliza, mbele mama hajakunywa. Siku yule mufanyabiashara wa Goma alikuja kukuambia upande kiwanja yote, ulimuambia, "Nikipanda yote sitajua hata muti mumoja. Miye ninalimia mutu mumoja tu." Akatoka anacheka.

Baba, ile siku nilikukasirikia. Sikukuambiaka. Niliona batoto ba kaka Paluku bako bila viatu, na wewe unafukuza mutu mwenye kutaka kununua. Nilijisemea kwamba ni kiburi. Nisamehe.

Kisha homa ikakukamata, dispansere ilikuwa imeporwa wiki moja kabla, na kwa siku tatu ukawa umekwisha. Hata sikupata wakati wa kukuuliza vitu.

Mwaka wa kwanza nilijikaza. Niliamka, nikapindua majani, nikaondoa vidudu, nikaona kama uko nyuma yangu unaangalia kama ninapita haraka. Mama alikunywa, akalala, akaniambia, "Ni kama ya baba yako." Nilijificha jikoni nikalia juu ya furaha.

Mwaka wa pili mvua ya mawe ilinyesha mchana moja tu, hata nusu saa haikufika. Nilipotoka, miti mine ilikuwa imevunjika mpaka chini. Ilibaki mbili. Kuanzia ile siku woga uliingia ndani yangu na haukutoka. Nilianza kumupunguzia mama. Nilimupa nusu, kisha nusu ya nusu. Hakulalamika. Lakini nikiwa ninafagia mu chumba nilisikia vile anasaga meno, na nikajifanya sisikii.

Ndipo kaka Paluku alifika kutoka Kasugho na kinga, baisikeli yake, amefunga nyuma gunia kubwa ya kahawa. Ndani haikuwa kahawa. Muhogo wake basoda walikuwa wamekula wote, na yeye alikuwa amekata pori akapanda bangi kutoka nyumba yake mpaka kwa muto. Alikuwa amekonda, baba. Alisema, "Dada, baba alipanda sita, mvua inakuja, munabaki na mbili. Miye mvua inipige miti mia, bado niko na mavuno. Kamata. Ni ya mama." Aliileta kwa roho nzuri. Ninakuandikia hiyo ili usimuhukumu.

Nilifungua gunia na harufu ikanikataa. Moshi. Kitu cha kuoza kidogo, kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Majani, vijiti, mbegu, vyote pamoja. Pua yako ni hii hii yangu, ilijua. Lakini nilifikiri juu ya meno ya mama. Nikachanganya na ile yako kidogo iliyobaki, nikachemsha, nikamupelekea. Sikuonja. Wewe ulionjaka kila mara, na miye sikuonja, juu niliogopa kwamba nikionja nitakosa cha kumupa.

Siku mbili, baba. Alitapika mpaka hakuna kitu. Moyo wake ulipiga mpaka niliuona juu ya shingo. Aliniita na jina la dada yake aliyekufa, akaniomba nimufungulie mulango wa nyumba ya wazazi wao. Nilikaa naye chini, ninamushika mikono, ninamuomba Mungu asimuchukue kwa mukono wangu. Siku ya tatu aliomba uji. Nilimunywesha, kisha nikakamata ile gunia nikaimwanga yote mu choo.

Kaka alipojua, alikasirika sana. Kumbe nusu ya gunia alikuwa ameiahidi basoda ba kambi ya Rughenda, kule kwa uwanja wa ndege. Balimubana. Na yeye, juu ya woga, akabaambia: ya muzuri iko kwa dada yangu, ya baba yetu, nyuma ya nyumba.

Komanda wao alikuja mchana, na basoda babili. Hakupiga kelele. Alipita nyuma kama mutu mwenye kujua njia, akainama juu ya muti moja, akafunga macho. Nilikuwa nimepanda tena, zilikuwa sita, zimesimama vizuri, ungezipenda. Akaniambia, "Mama, hii ndio yenyewe. Ile ya kaka yako ni majani ya mbuzi." Akasema tena, "Utatoa haya maharagi yote. Kiwanja yote iwe hii. Nitakuletea batu ba kulima, wewe utakuwa responsable, mukubwa wa shamba, hakuna mutu atakugusa. Siku ya posho, Jumamosi, nitarudi kuangalia."

Siku ya posho. Na siku alikuja ilikuwa siku ya tatu, Jumatano. Baba, siwezi kukueleza zile siku. Kila pikipiki iliyopita barabarani, nilikimbia kuchungulia kwa dirisha. Niliulizauliza roho yangu ungefanya nini, lakini wewe hakuna mwenye bunduki aliyekuombaka mazao mengi. Yule wa Goma alikuwa na kalamu tu.

Na ninapaswa kukuambia yote: siku ya ine, Alhamisi, nilikamata jembe. Nilijisemea, nikipanda kiwanja yote mama hatakosa tena. Zitakuwa mbaya, lakini katikati nitachagua chache nzuri, nitazichunga kwa siri. Batalinda nyumba. Pengine kaka atapona. Niling'oa mistari mbili ya maharagi, yalikuwa na maua.

Mama alisikia jembe kupitia dirisha. Akaniita, "Katungu, unalima nini?"

Niliingia na udongo kwa mikono nikamuelezea. Alinisikiliza macho iko kwa paa. Kisha akasema, "Ng'oa."

"Maharagi?"

"Hapana. Zile za baba yako. Zote."

"Na wewe, mama?"

"Miye niliumwa mbele ya ile dawa, na nitaumwa nyuma yake. Ukipanda shamba ya basoda, hautatoka tena mu ile shamba. Siku bataondoka, bengine batakuja, watauliza nani alikuwa analima. Sitaki kulala vizuri juu ya shingo ya mutoto wangu."

Nilikataa. Nililia kama mutoto. Akaniacha nikalia, kisha akaongeza polepole, "Na ile ya siku ingine, nilijua. Kwa midomo tu nilijua si ya baba yako. Nilikunywa juu niliona sura yako."

Alikunywa, baba. Alijua na alikunywa, ili nisione kwamba nimekosa.

Nikatoka nikang'oa. Udongo ulikuwa laini, hazikupinga. Nilitaka kuhifadhi moja, tawi moja tu, lakini mama alikuwa anahesabu kwa sauti kutoka ndani, na nilipofika tano nikasimama, akaita, "Bado moja." Nilizichoma zote pale pale, mbegu pamoja. Nilitia maji juu ya majivu.

Siku ya posho komanda akafika. Nilikuwa nimetayarisha uongo wa mvua ya mawe, nilikuwa nimeurudilia mara nyingi. Aliona udongo mutupu, akanigeukia, na ule uongo ukapotea mu kinywa. Mama akasema kutoka ndani, kwa sauti ambayo sikuisikia toka ulipokufa: "Ni miye nilimutuma. Ni mali ya bwana yangu. Kama kuna mutu wa kupiga, niko huku."

Aliingia chumbani. Nilimufuata, ninafikiri sasa ninaona kifo cha mama. Alimuangalia pale kwa kitanda, mifupa na blanketi. Hakumugusa. Alitoka, akaniambia bila kuniangalia, "Siku ya kwanza, Jumatatu, nitarudi na mbegu zangu. Na wewe utalima." Basoda bake balikamata mbuzi, redio, na maharagi yote ya gunia. Moja alivunja mulango na kitako cha bunduki, wakati mulango ulikuwa wazi.

Jumapili, wakati batu bako kwa kanisa, dereva moja wa kamyo ya kabichi alikubali kutubeba. Ni yule pasta alimuomba. Alikuja mwenyewe, ameachia mwengine ibada, akashika upande moja wa godoro la mama, akasema tu, "Nilikosa kumuambia muzee arudi kwa kiti chake." Tulimulaza mama juu ya kabichi. Kila shimo la barabara alifunga macho, na kwa barriere, kule basoda banasimamisha magari, nilisema ni kolera, kipindupindu, basimukaribie. Tulifika.

Sasa habari zingine. Kaka Paluku bado yuko Kasugho. Basoda bamechukua shamba yake, na analima kwao, yeye na bibi yake, kwa shamba yake mwenyewe, na bunduki pembeni. Mutu wa kule alituletea habari, kisha hakuna tena habari. Wiki ya sita sasa. Sina tena kasirani naye. Ninaogopa tu.

Mama anaumwa. Infirmière, muuguzi wa hapa, mama moja wa Mabalako, anamupa vidonge akivipata. Siku zingine hapati. Mama mudogo aliniambia, "Panda kidogo hapa nyuma, nani ataona?" Nilikwenda nikaangalia udongo, ni muzuri. Nikarudi ndani. Sijui kama nilifanya vizuri. Ningekuwa na wewe dakika moja ningekuuliza hiyo tu.

Asubuhi hii mama alinishika mukono akasema kitu ambacho alikuwa hajasemaka: hataki kuzikwa Beni. Anataka kulala karibu na wewe. Barabara imefungwa tena, juzi bamechoma kamyo, na batu bazima bazima bameshindwa kupita. Nilimuambia, "Ndiyo, mama," haraka, kama mutu anafukuza nzi. Akanitazama. Anajua wakati ninasema tu.

Donc ninakuambia wewe, juu wewe siwezi kukudanganya tena. Nitamuleta, baba. Barabara ikifunguka ningali naye, nitamuleta akiwa anapumua, akae kando ya kaburi lako akusemeshe mwenyewe. Ikifunguka nyuma ya kifo chake, nitamuleta vilevile, hata kama ni myaka, hata kama ni juu ya kabichi. Umuachie nafasi upande wa kuume, ndio upande anaweza kulalia bila kuumia.

Wasingya, asante, baba. Lala na amani. Mama ameamka, ananiita.

Mutoto wako,
Katungu