Upana Niliouchagua kwa Mkono

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imeacha, lakini jua limekataa kutoka. Tangu nimeamka sijakaa kitini dakika kumi mfululizo. Nafungua kompyuta, naifunga. Nachemsha chai, nasahau kuinywa.

Leo nilienda kwa Profesa, msimamizi wangu, kusema kitu nilichokificha wiki tatu.

Niandike vizuri, nisijidanganye tena. Mimi ni assistante, mwalimu msaidizi wa fizikia chuoni, na tezi yangu ya udaktari yote iko ndani ya kompyuta: nahesabu namna molekuli za rangi, zikiyeyushwa ndani ya kimiminika, zinavyojibu mwanga mkali wa leza. Mwanga ukiwa mkali hivyo, jibu halipandi sawasawa nao. Molekuli inaweza kumeza chembe mbili za mwanga kwa mara moja. Jibu hilo linachorwa kama vilele kwenye grafu. Na hakuna kilele chembamba kama sindano. Molekuli zinagongwa na majirani zake, kila moja imekaa tofauti kidogo na nyingine, basi kila mstari unapanuka. Upana huo lazima mtu auingize kwenye hesabu.

Mimi niliuweka kwa mkono, bila kipimo.

Niliuweka mdogo mno, na kando ya kilele kikubwa kikatokea kingine kidogo, kizuri, ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekitaja. Nikaandika kwamba maabara yoyote ikipima itakiona. Profesa alifurahi, akasema hicho ndicho moyo wa kazi. Tukapanga siku ya soutenance, ya kuitetea tezi. Papa yangu, kule Mudaka, akaitangaza mpaka kwenye kwaya yake.

Kisha nikajaribu upana unaolingana na kimiminika chenyewe. Kilele changu kikazama ndani ya kile kikubwa, kama hakijawahi kuwepo.

Nikafunga faili ile. Sikusahau, wala sikukosa nafasi ya kusema. Niliogopa.

Leo Profesa alinipokea nyumbani kwake Nyalukemba. Niliweka grafu mbili mezani, ya upana mdogo na ya upana wa kweli. Aliziangalia muda mrefu. Nilitegemea aulize juu ya hesabu.

« Unajua hii tangu lini? »

« Wiki tatu, Prof. »

« Na juzi tulikaa hapa pamoja, nikasoma ile sura, weye ukanyamaza? »

« Ndiyo, Prof. »

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alivua miwani, akasema upana mbaya unarekebishwa, kila mtu anakosa. Lakini sasa kila grafu yangu ataiangalia akijiuliza ni ipi nyingine niliichagua. Soutenance imeahirishwa. Anataka majaribio yote, hata yale mabaya.

Nilirudi kwa miguu, nikapita kona ya nyumbani bila kuiona. Nikasimama kando ya barabara, nikampigia Papa. Yeye ni mkulima wa maharagwe. Mambo ya leza hayajui.

« Papa, ile siku haiko tena. Nilikosa hesabu. »

« Ulikosa, ao ulidanganya, mutoto wangu? »

Sijui alijuaje.

« Nilikosa kwanza. Kisha nikadanganya. »

Papa hakunigombeza.

« Basi huku nitaelezea watu miye. Huko, umwambie Prof yote. »

Nimekuwa mbele ya kompyuta tangu saa tisa, nikisimama na kukaa. Nilidhani nitakuta grafu moja tu niliyoifungia isionekane. Nimekuta saba. Sita nilikuwa nimejiambia ni takataka, kwa sababu tu hazikunipendeza. Moja kati yake inaonyesha hata kilele kikubwa kikiyumba, na sijui bado ni kwa nini.

Hiyo ndiyo inayonitisha zaidi. Nimeitanguliza mbele ya zote, nimemwandikia Profesa kwamba siielewi, na nimetuma.

Moyo haujatulia. Acha usitulie, mradi nisifunge tena faili hata moja.