Sakafu ya Chumba cha Ndani

Majengo, Kitui
Novemba 1956

Kwa kaka yangu Salim,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa, wewe na wifi yangu Halima na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuacha na kazi ya forodhani inakwenda. Mimi mwili wangu ni mzima. Mvua imeanza, na huku Majengo ni tope tupu.

Najua utataka kwanza habari za nyumba ya babu, basi nianze nayo. Imependeza kama ulivyotaka. Kuta zimepakwa chokaa, mlango wa nakshi ambao wapagazi waliubeba kutoka pwani umepakwa mafuta, na nje wametundika kibao. Kibao kinasema kwamba mzungu wa kwanza wa serikali alilala humo kabla boma halijajengwa. Babu aliyempa kitanda hakutajwa. Nilicheka, kaka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira.

Sikulaumu kwa kuitoa. Yule mwenye duka aliyetaka kuinunua angeibomoa, nawe ukaona afadhali serikali iihifadhi. Ila ulitia sahihi kwamba hakuna atakayelala humo, wala kupika, wala kugusa sakafu. Tulipohamia chumba hiki cha kupanga mama hakulalamika. Kila alasiri alikwenda kukaa kwenye baraza ya nyumba ya babu, na Kisilu, mlinzi waliyemweka, akimtandikia gunia. Kisilu ni mtu wa Nunguni, mtu wa kanisa sana, na mama alimpenda kwa sababu hakumwuliza hata mara moja amefuata nini pale.

Mwezi wa tisa mama alianza kuumwa miguu, kisha tumbo. Hospitalini walitupa dawa, wakaniambia nisiwe mbali naye. Hapo ndipo aliponieleza neno lililokuwa likimkaa moyoni. Unakumbuka kwamba babu, bibi na baba wote walioshwa maiti katika chumba cha ndani. Ufuo, yaani kishimo, ulichimbwa sakafuni chini ya kitanda, maji ya kuoshea maiti yakaingia humo, kisha ukafukiwa. Mama aliolewa katika nyumba ile na akatuzaa humo, na alitaka maji yake yaende pamoja na ya baba. Nilimwambia nyumba si yetu tena. Akanijibu, "Mwanangu, sitaki kurudi kuishi. Nataka kupita tu."

Nilikwenda bomani. Karani alinisikiliza kwa adabu, akaingia kwa bwana mkubwa, akatoka akisema kuchimba sakafu haiwezekani, na kwamba mwenye sahihi ni wewe. Nilirudi nikamdanganya mama kwamba bado wanafikiri. Sijui kama aliniamini. Aligeukia ukuta, akaniomba uji.

Kaka, jikaze. Mama ametutoka Jumapili iliyopita, alfajiri. Sikukupelekea simu kwa sababu maiti haingoji gari la moshi, na pia kwa sababu nilijua ungenikataza hili nililofanya.

Wanaume walibeba jeneza hadi nyumba ya babu, nami nikafuata na wanawake. Kisilu alikuwa amevaa nguo za kanisani, anataka kuondoka. Alilitazama jeneza, akatazama jembe mikononi mwangu. Nikadhani atatufukuza. Kisha, akimtaja mama kwa jina kama alivyozoea, akasema, "Mama Tima anaweza ingia. Hiyo jembe mimi sijaona." Akafungua mlango, akaenda kuketi nje akiangalia barabara, ibada ikamwacha. Nilichimba mwenyewe. Sakafu ya babu ni ngumu, kaka. Viganja vilitoka malengelenge, na nilikuwa nikilia hata sioni ninapopiga. Wanawake walimwosha mama kwa utulivu, tukafukia, tukasawazisha kadiri tulivyoweza.

Juzi bwana mkubwa alikuja akaona udongo mbichi. Nilisimama mbele yake nikamwambia ni mimi. Hakuamini kwamba mwanamke anaweza kuivunja sakafu ile. Amemfukuza Kisilu, na mkewe, Nzilani, anafunga vyombo warudi kwao. Nilikwenda kuwaomba radhi, wakanipa chai, nikashindwa kuinywa. Sasa kuna barua inakujia kutoka bomani. Watakuuliza kama ni wewe uliyemwamuru mlinzi.

Najua unavyoionea fahari nyumba ile. Labda sasa tutakatazwa hata kukaa barazani. Nikasirikie, ni haki yako. Mama hakukulaumu hata siku moja, nami najaribu. Lakini uwajibu kwamba aliyechimba ni dada yako, kwa jembe lake, na kwamba nawe ungechimba kama ungekuwapo. Kama hilo la mwisho si kweli, usiliandike. Andika la kwanza tu, Kisilu arudishiwe kazi yake.

Wape wifi na watoto mkono wa pole. Majirani wote wa Majengo wanakusalimu na kukupa pole, na mimi nakuombea subira.

Ni mimi dada yako,
Mwanamkasi binti Shee